Fungu la Chombo

Kwa Bi Khamisa, mtaa wa Majengo mjini Kismayo, hapigwi mtu. Si kwa ngumi, si kwa bunduki ya kwenye skrini, wala si kwa mabao matano kwa bila. Amri hiyo imeandikwa kwa rangi ya samawati juu ya mlango wa chumba chake cha gemu, upande mmoja kwa Kibajuni na wa pili kwa Kisomali, asije mtu akajitia hakuelewa. Ukitaka kumpiga mwenzio, nenda kwingine. Vyumba vya gemu mjini si haba na vingi vinauza vita. Kwa Bi Khamisa wanacheza wawili wawili, au wanne pamoja, na wote wako upande mmoja. Wakishinda wameshinda wote, wakizama wamezama wote.

Watu walimcheka mpaka wakashika mbavu. Mwanamke wa makamo, mjane, mzaliwa wa kisiwa cha Chula, afungue chumba cha gemu, tena akataze mpira! Nani ataingia? Lakini Bi Khamisa alikuwa na sababu yake. Mwanzoni aliruhusu kila mchezo, hadi siku kijana mmoja alipofungwa mabao matano na rafiki yake, akarusha pedi ya kuchezea, ikaipasua runinga mpya. Wakashikana mashati hadi barabarani, baba zao wakaja kuwaamua, nao baba wakashikana pia. Bi Khamisa alisimama mlangoni akiwatazama wanaume wazima wakitukanana kwa ajili ya mpira ambao hata hauguswi.

"Mji huu wachu wamepigana hata wakachoka," alisema, maana kwa Kibajuni watu ni wachu. "Nami niwakodishie vita vyengine?"

Siku ile ile akafuta michezo yote ya kushindana. Wateja wakamkimbia kama aliyewaambia kuna ndui ndani. Walibaki wasichana wachache na watoto wadogo waliofukuzwa kwingine kwa udogo wao, na mchana mwingine Bi Khamisa alikaa peke yake na runinga zake akipepea uso. Hakurudi nyuma. Ukimjua utajua kwamba huyu ni mtu ambaye akishasema, kasema.

Mchezo uliomrudishia wateja ni ule ambao watoto waliuita Mabaharia. Kuna chombo kidogo cha injini kinachotoa moshi mweusi, na mabaharia wake ni wanyama: bata, mbuzi, paka, kaa. Mmoja anashika usukani, mwenziwe anatupa nyavu, anaziba matundu, anachota maji yaliyoingia na kuyamwaga nje. Wavu ukijaa haupandi mpaka mabaharia wote wabonyeze kitufe kwa pamoja, tena na tena. Ukitangulia wewe, unakatika. Akichelewa yeye, unakatika. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mchezo ule ulilijua neno hilo kuliko watu wengi wanaolisema. Watoto wa Kibajuni na wa Kisomali walikaa mkeka mmoja mbele ya runinga moja wakipigiana kelele, "Sasa! Bado! Sasa!" na waliokimbia walipoisikia kelele ile wakaanza kurudi mmoja mmoja, huku wamejifanya wanapita tu.

Bi Khamisa mwenyewe alishika pedi. Mtoto wa nahodha wa Chula ataonaje chombo kinaendeshwa ovyo hivyo akanyamaza? Akawafunza kutazama mbele, kuitana kwa majina, kutomlaumu mtu hadi safari iishe. Akawafunza na kugawa samaki. Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo aliyeutengeneza mchezo ule, huko aliko, hawezi hata kuliota.

Mwisho wa safari samaki humwagwa sitahani, na mwenye usukani hupewa muda mfupi wa kuwagawa kwa kuwasogeza: hawa wa mbuzi, hawa wa bata. Mabaharia wawili, mafungu mawili. Bi Khamisa alitenga matatu.

Ndivyo alivyolelewa. Baba yake, Nahodha Badi, alipofika pwani hakujipa chake kwanza, wala hakuwapa mabaharia. Alitenga fungu la chombo. Fungu hilo ndilo lililonunua misumari, nyuzi za matanga na mafuta ya papa ya kupaka mbao. Mafungu mengine yaliteremshwa mchangani. Hilo lilibaki chomboni, omoni, mbele kabisa, miguu ya watu isipofika. Khamisa na kaka yake Mansur walikuwa wadogo walipomwuliza baba kwa nini mbao zile kabla ya watu.

"Mwenye mdomo atadai," alisema Nahodha Badi. "Chombo hakina mdomo. Asiye na mdomo wa kudai ndiye hupewa kwanza."

Mchezo ule haukumjua Nahodha Badi. Kwake, samaki aliyeachwa sitahani ni samaki aliyepotea, na nyota moja ya ushindi inakatwa. Chumba kizima cha Majengo kilikuwa kikipoteza nyota kila safari bila kujua sababu. Aliyeligundua jambo hilo ni Tasnim, msichana mwenye vidole vyepesi kuliko wote pale, aliyemwita Bi Khamisa eedo, yaani shangazi, kama wanavyowaita Wasomali wanawake wanaowaheshimu.

"Eedo," akasema Tasnim kwa adabu, "tungewachukua wote, nyota zetu zingetimia."

Bi Khamisa alifikiri kidogo. "Mchezo haujui," akajibu. "Sisi twajua."

Basi ikawa hivyo. Chumba kile kilipounganishwa na intaneti na watoto wakaanza kusafiri na mabaharia wa miji mingine, waliandikiwa maneno ya kejeli: Wakismayo mmesahau samaki wenu tena? Kwenu hamna macho? Akutukanaye hakuchagulii tusi, na vijana wa mitandaoni hawana simile. Lakini watoto wa Majengo walizoea, kisha wakaanza kujivuna. Ukiona chombo kimevua vizuri kuliko vyote na bado kimepungukiwa nyota moja, hicho chetu.

Sasa tuje kwa Mansur.

Vita vilipofika visiwani familia ilitawanyika. Khamisa alikimbilia mjini na mama yao. Mansur alivuka hadi kambini Kenya, na kutoka kambini, baada ya miaka, akafika Uingereza. Akaoa, akazaa, akafiwa na mke, akakaa na bintiye Layla na wajukuu. Simu kati ya ndugu wale zilikuwa nyingi na fupi. Hujambo, sijambo, watoto wazima, huku mvua, huku jua, haya. Walipokuwa watoto walivuta kamba moja hadi viganja vikachubuka. Sasa hawakuwa na kazi ya kufanya pamoja ila kuulizana hali. Bi Khamisa hakulalamika, lakini kila alipokata simu alihisi ameongea na mtu asiyemwona vizuri.

Kisha Mansur akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa na ulimi ukafungwa. Sasa simu ikawa ni pumzi tu. Bi Khamisa alisema na pumzi ile, akaicheka, akaisomea dua, asijue inasikia au haisikii.

Siku moja Layla alipiga mwenyewe. Alikulia huko, na Kibajuni chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini alikisema bila haya.

"Shangazi, sijui kama baba yuko na sisi. Namwuliza kitu, yuwatazama tu. Watu wa ustawi wa jamii watakuja kumwona. Wakiona haelewi, watampeleka nyumba ya wagonjwa, wamtunze huko."

"Na wewe wasemaje?"

"Mimi nimechoka, shangazi. Na sijui tena."

Bi Khamisa hakumlaumu. Kumuuguza mzazi peke yako katika nchi ya baridi si jambo la kulisemea kutoka mbali. Lakini moyo ulimkataa. Mansur aende akakae kwa watu wasiojua hata jina la kisiwa chake, kwa kuwa tu hawezi kusema yupo? Akauliza swali ambalo Layla hakulitarajia kabisa.

"Watoto wako wana mashine ya gemu?"

Layla alicheka, mara ya kwanza tangu baba yake augue. Walikuwa nayo. Pedi ya mkono mmoja ilipatikana, maana huko kila kitu kinauzwa, na mkono wa kushoto wa Mansur bado ulikuwa na nguvu. Wakakubaliana Ijumaa baada ya Alasiri ya Kismayo, siku ambayo Layla haendi kazini. Bi Khamisa akawa mbuzi. Mansur akawa bata, akapewa usukani, kwa kuwa ndiye mkubwa.

Walizama kabla hawajatoka bandarini.

Ijumaa iliyofuata walitoka bandarini, wavu ukakatika kila walipouvuta, kisha wakapanda mwamba. Iliyofuata tena, mwamba ule ule. Watoto wa Majengo waliokuwa wamejazana nyuma ya Bi Khamisa hawakuwahi kuona chombo kikiendeshwa vile, na kwa heshima waliangalia dari. Kwa kuwa kila mara walizama njiani, hawakuwahi kufika mahali pa kugawa. Layla alikuwa akionekana kwenye simu iliyoegemezwa kando ya runinga, na baba yake nyuma yake, uso umeinama upande.

"Anabonyeza tu, shangazi," alisema kwa upole. "Usijisumbue."

Jioni ile Bi Khamisa alikaa jikoni asipike. Aliogopa. Je, kama Layla asema kweli? Kama mkono unabonyeza tu, na mwenye mkono keshaondoka? Alikuwa na fahari nyingi mwanamke huyu, na fahari ikishikwa na hofu inauma vibaya. Akamtukana kaka yake kwa sauti, peke yake pale jikoni, kisha akamwomba radhi.

Tasnim ndiye aliyeliona tatizo la wavu. Picha kutoka Uingereza ilichelewa kufika. Mansur akibonyeza kule, huku anaonekana baada ya kitambo, na Bi Khamisa akimngoja amwone, amekwisha kuchelewa.

"Usimngojee kwa macho, eedo. Mwite, kisha bonyeza. Muamini tu."

Muamini tu. Bi Khamisa akasogeza kipaza sauti mdomoni, na Ijumaa ile, wavu ulipojaa, akaita kama alivyokuwa akiita baba yao pale kamba ilipokuwa nzito: "Haya, vuta! Haya, lete!" Akabonyeza bila kutazama. Wavu ukapanda kidogo. Akaita tena, ukapanda tena. Ukatoka majini mzima, umejaa, ukamwagika sitahani, na watoto wakapiga vigelegele hadi muuza chai wa jirani akachungulia. Bata akageuza chombo taratibu, akaukwepa mwamba uliowazamisha, akaingia bandarini.

Kwa mara ya kwanza walifika penye kugawa. Mwenye usukani ndiye mgawaji. Alama ya mkono ikaanza kutembea juu ya samaki, polepole. Mansur akampelekea mbuzi fungu. Akajipelekea bata fungu. Kisha mkono ukasimama. Kwenye simu walimwona akiiweka pedi juu ya goti.

"Baba, bado," Layla alisema. "Baba, hawa hapa. Malizia."

Mansur hakuigusa pedi. Muda ukaisha, kengele ikalia, nyota ikakatwa.

Layla akaigeukia simu. "Waona, shangazi? Ndivyo alivyo. Ameacha fungu zima. Amesahau ni nini alikuwa akifanya."

Chumbani Majengo watoto wote walikuwa wakitazama samaki waliobaki sitahani. Halafu kitoto kimoja cha nyuma kabisa kikasema, kama kinachosema jambo ambalo kila mtu analijua:

"Hilo la chombo."

Hapo chumba kikalipuka. Walirukaruka juu ya mikeka, wakakumbatiana, Tasnim akawa anapiga kelele kwa Kisomali kuelekea simu, na Layla huko aliko akauliza kuna nini, nani kaumia? Bi Khamisa alisimama. Akaisogelea simu.

"Layla mwanangu, nisikilize. Huyo hakusahau kitu." Akamweleza habari ya Nahodha Badi, ya mchanga wa Chula, ya misumari na mafuta ya papa, ya mbao zisizo na mdomo. Aliyaeleza yote kwa pumzi moja.

Layla akasema kwa sauti ya mtu anayeogopa kutumaini, "Shangazi, labda ni bahati. Labda alichoka tu."

"Basi twende tena. Nawe usimwambie neno."

Wakaenda tena. Bahari ilikuwa mbaya safari hii, na Bi Khamisa aliita hadi sauti ikakwaruza. Walipofika bandarini samaki walikuwa wachache. Alama ya mkono ikatembea. Haikwenda kwa mbuzi, haikwenda kwa bata. Iliwakokota samaki mmoja mmoja, ikivuka sitaha yote, hadi mbele kabisa, omoni. Fungu la chombo, kwanza, mahali pake. Kisha ndipo akampa dada yake, na mwisho akajipa mwenyewe.

Habari ya omo Bi Khamisa hakuwa amemwambia Layla. Aliisahau katika haraka yake. Alipoiona alishika kichwa kwa mikono miwili, akalia mbele ya wateja, yeye ambaye hata mume wake alipozikwa alilia chumbani kwake. Alilia kwa furaha na kwa kujivuna. Kaka yake alikuwa mzima humo ndani, tena Mansur yule yule, mkaidi, mwana wa Badi.

"Babu yako aliliweka hapo hapo," akamwambia Layla alipoweza kusema. "Huyo akumbuka kutushinda sisi sote."

Layla aligeuka akamtazama baba yake. Mansur alikuwa akimtazama yeye, bila shaka tangu zamani, kama mtu aliyebisha mlango muda mrefu na hatimaye kasikia komeo likisogea. Layla akaenda akapiga magoti mbele ya kiti chake. Tasnim, ambaye ana adabu, akaigeuza simu ukutani.

Watu wa ustawi wa jamii walipokuja, Layla hakusema hajui. Aliwaambia, "Baba yangu anaelewa, na anakaa hapa." Akawakalisha wamtazame akisafiri na dada yake, kisha wakamwuliza maswali ya kujibiwa kwa kidole, naye akajibu. Kilichokosekana miezi yote ile ni mtu wa kumwuliza kwa njia hiyo na kumngojea. Wakakubali abaki, na msaidizi awe anakuja asubuhi kumpunguzia Layla mzigo. Mcheza kwao hutunzwa, wasema wahenga, nao hawakusema kwao lazima kuwe karibu.

Habari hiyo ilizunguka Majengo nzima. Wale waliomcheka Bi Khamisa waligundua kwamba siku zote walikuwa upande wake. Aliwapokea, akawauzia vinywaji baridi, hakuwakumbusha. Alitembea tu sokoni kichwa juu kidogo kuliko kawaida, na aliyetaka kumwuliza habari za kaka yake alijibiwa kwa urefu.

Ijumaa moja mwisho wa mwaka, Mansur alikataa usukani. Aliisukuma pedi ya watoto mbele ya Layla, akaonyesha kwa kidole mahali pa nyavu. Kazi hiyo ndiyo aliyoitaka. Basi Layla akawa paka, akashika usukani kwa mara ya kwanza maishani. Aligonga gati wakitoka na akaligonga wakirudi. Shangazi yake alimkaripia kwa mapenzi, baba yake akatikisika kwa kicheko kisicho na sauti, na samaki wakamwagika sitahani.

Mabaharia watatu. Layla alikuwa na muda mfupi wa kugawa, na hakuna aliyemwambia neno. Majengo wote walishika pumzi. Huyu hakuwahi kukanyaga Chula. Hakuwahi kumwona Nahodha Badi wala kunusa mafuta ya papa. Alama ya mkono ikazungukazunguka, ikasita, kisha ikamshika samaki mkubwa kuliko wote, ikamkokota kuelekea omoni. Ikarudi kuchukua wengine. Fungu la chombo lilipotimia akampa baba yake, akampa shangazi yake, na kilichobaki, ambacho hakikuwa kingi, akajipa mwenyewe.

Kengele ikalia.

"Shangazi," Layla alisema, "nyota imekatwa."

"Na ikatwe," alijibu Bi Khamisa. Akawageukia watoto waliojaa nyuma yake, macho yamemlowa na kidevu kiko juu. "Mwawaona? Wachu wa Chula hao. Hata asoijua Chula."

Kisha akaifuta pedi kwa ncha ya leso, akauliza zamu inayofuata ni ya nani.